Zirkoni ama kubiki zirkonia (na moisanaiti pembeni): lipi la pete, lipi la hereni

Tuanze na hili maana ndo linapoteza pesa za watu hapa Kampala: zirkoni na kubiki zirkonia ni mawe mawili tofauti kabisa. Unaingia kwa sonara, unaoneshwa pete ina jiwe jeupe linawaka vizuri, unaambiwa "bosi wangu, hii ni zirkoni," na mara nyingi kilichokaa juu ya hiyo pete ni kubiki zirkonia ya kiwandani, jiwe la bei ya chini sana ambalo halijawahi kukaa ardhini hata siku moja. Halafu kuna upande wa pili ambao mimi unaniuma zaidi, dada anaoneshwa zirkoni ya kweli, ya kuchimbwa, bluu safi, anairudisha kwa sababu ameshasikia zirkoni ni almasi feki. Yaani wa kwanza amelipa bei ya jiwe la ardhini akapewa la kiwandani, wa pili ameacha jiwe la ardhini akidhani ni la kiwandani.

Kwa hiyo nayaweka pembeni kwa pembeni hapa, hasa haya mawili, na nitagusa moisanaiti (jiwe lingine la kiwandani, gumu, linalofanana na almasi) na almasi pale inapobidi kwa sababu najua wengi mnaotafuta mnafanya hivyo kwa ajili ya kwanjula (sherehe ya Waganda ya kutambulishana kwa familia kabla ya ndoa) ama harusi ya kanisani, na bajeti imeshaliwa na hema, gomesi (lile gauni refu la sherehe la kina mama) na chakula cha wageni, pete inabaki na kile kilichobaki.

Yametoka wapi

Zirkoni ni madini ya asili, kwa kemia ni silikati ya zirkoniamu, ZrSiO4. Inakua ndani ya miamba ya moto kama granaiti, na kwa kuwa haiozi ovyo, mwamba ukishaliwa na mvua na mito miaka na miaka, chembe zake zinabaki nzima zinateremka na mchanga. Ndo maana mawe mengi ya vito yanapatikana kwenye changarawe za mito, Sri Lanka, Kambodia, Myanmar, Madagaska, na hapa kwa jirani zetu Tanzania kule Tunduru na bonde la Umba. Hata chuma chenyewe, zirkoniamu, kiligunduliwa kutoka kwenye jiwe hili: mkemia Mjerumani Martin Klaproth alikuwa anachunguza zirkoni ya Sri Lanka mwaka 1789 akakuta ndani yake kuna kitu ambacho hakijulikani bado.

Na umri wake sasa! Kitu cha zamani kuliko vyote vya hapa duniani ambacho watu wamekipima ni chembe ya zirkoni kutoka Jack Hills, Australia Magharibi, miaka kama bilioni 4.4. Wanapimaje? Zirkoni ikiwa inakua inakubali urani iingie ndani yake lakini madini ya risasi inayakataa, halafu urani yenyewe inageuka kuwa risasi taratibu kwa kasi inayojulikana (nusu ya urani-238 inachukua karibu miaka bilioni 4.47 kugeuka), kwa hiyo risasi yoyote unayoikuta ndani ya chembe safi imezaliwa humo humo, unahesabu unapata umri. Miamba yetu ya Uganda nayo imepimwa umri kwa njia hiyo hiyo. Mimi nikishika zirkoni, hata ndogo ya hereni, hilo ndo linanijia kwanza, na sioni aibu kusema linanisisimua.

Hiyo urani ni kidogo mno kwenye mawe ya vito ya kawaida, usiogope kuvaa. Lakini ina athari kwa jiwe lenyewe, mionzi yake inavunjavunja mpangilio wa ndani polepole, na zirkoni iliyopata mionzi mingi inakuwa laini zaidi, nyepesi zaidi, mara nyingi ya kijani kijani yenye ukungu. Wataalamu wanaziita zirkoni za daraja la chini na zile nzima za daraja la juu. Zinazouzwa kwa vito karibu zote ni za juu.

Kubiki zirkonia ni oksidi ya zirkoniamu, ZrO2, imeongezewa yitria ama kalsiamu kidogo ili ibaki na umbo lake la mchemraba ikipoa. Mwaka 1937 Wajerumani wawili, von Stackelberg na Chudoba, waliikuta kwa asili ikiwa punje ndogo sana, na unajua waliikuta wapi? Ndani ya zirkoni iliyoharibiwa na mionzi. Lakini hiyo ya asili haina faida kwa sonara, ni ndogo mno. Ya madukani ilianzia Moscow, taasisi ya Lebedev, miaka ya 1970, ambapo Warusi walitatua tatizo kubwa moja: zirkonia inayeyuka kwenye nyuzi kama 2,700 za Selsiasi, na hakuna chungu cha kuivumilia. Wakaamua kuiyeyusha ndani ya unga wake wenyewe, katikati inayeyuka, pembeni kuna mabomba ya shaba yanayopitisha maji baridi, ganda la nje linabaki gumu linashika uji wa ndani. Kuanzia mwaka 1976 ikaingia sokoni na haijatoka tena. Akili kubwa sana ile, na mtu anayeita kubiki "takataka" hajui imetengenezwaje.

Ugumu, na hapa ndo pete inaamuliwa

Kipimo cha Mohs, cha ugumu wa kukwaruzwa, kinaenda 1 mpaka 10. Almasi 10. Moisanaiti 9.25. Yakuti 9. Kubiki zirkonia 8 mpaka 8.5. Zirkoni 6.5 mpaka 7.5.

Sasa weka na hii: kwatsi, yale madini ya mchanga wa kawaida, ni 7. Na kwatsi iko kwenye vumbi. Vumbi la Kampala mnalijua wenyewe, la Januari na Februari lile jekundu ambalo unapangusa meza asubuhi mchana limerudi. Kila ukipangusa pete yako kwa kitambaa kikavu chenye vumbi unaisugua na kitu kigumu kama zirkoni yenyewe. Kubiki inavumilia hapo. Zirkoni inavumilia kwa muda, halafu inaanza kuonesha.

Na ugumu wa kukwaruzwa ni nusu ya habari tu. Zirkoni ina tabia nyingine ambayo wauzaji hawaitaji: kingo zake zinakatika. Ni kama kikombe cha kauri, kwa uso ni kigumu lakini mdomo ukigonga sinki kipande kinaruka. Wafanyabiashara wa vito wanafunga kila zirkoni kwenye karatasi yake peke yake, kwa sababu ukiziweka nyingi kwenye pakiti moja zinasuguana zenyewe kwa zenyewe zinaharibika hata kabla hazijauzwa. Chukua pete ya zirkoni iliyovaliwa miaka kadhaa kila siku, iweke chini ya lenzi ya mara kumi, angalia ile mistari ambapo nyuso mbili zilizokatwa zinakutana. Kwenye jiwe jipya ule mstari ni mkali, umenyooka. Kwenye hili umekuwa mweupe, umelika lika, una vidoti vidogo kama mtu ameutafuna, hasa pale juu kuzunguka uso mkubwa, halafu ukitoa lenzi ukiangalia kwa macho tu huoni hivyo vidoti, unaona tu jiwe limepoa, halina ule ukali wa kwanza, na mwenye pete anafikiri ni uchafu anaendelea kuisugua.

Fikiria mikono ya mama wa hapa nyumbani. Anamenya matoke, utomvu unaganda vidoleni, anasugua sufuria kwa waya na majivu, anafua kwa mkono, anafungua na kufunga geti la chuma, anapanda boda anashika kile chuma cha nyuma. Pete ya uchumba iko kwenye kidole muda wote huo, na wengi hawataki kuivua kwa sababu wameambiwa kuvua ni mkosi. Kwa mikono hiyo mimi zirkoni siipendekezi kwa pete ya kila siku, nasema wazi na wasonara wanaonijua hawafurahi. Hereni sawa, kidani sawa, pete ya Jumapili na sherehe sawa kabisa.

Kubiki kwa pete ya kila siku? Inafaa zaidi kwa kukwaruzwa, ila nayo haibaki mpya milele. Watu wanasema kubiki "inakufa", inaacha kung'aa baada ya muda, na kiasi ni kweli, uso unapata mikwaruzo midogo midogo. Lakini mara nyingi unachokiona ni sabuni na mafuta ya mwili yaliyoganda nyuma ya jiwe, pamoja na pete yenyewe ya kuchovya dhahabu ambayo rangi imetoka, inageuka nyeusi nyeusi na kufanya jiwe lionekane chafu. Ioshe nyuma kwa mswaki laini kabla hujaitupa.

Kung'aa

Hapa zirkoni inalipa deni lake lote.

Jiwe linang'aa kwa mambo mawili, jinsi linavyopinda mwanga na kuurudisha, na jinsi linavyoupasua mwanga mweupe kuwa cheche za rangi. Kwa kupinda, zirkoni ya juu iko kati ya 1.92 na 1.98, kubiki kama 2.15 mpaka 2.18, almasi 2.42, moisanaiti karibu 2.65. Kwa cheche za rangi, zirkoni 0.039, almasi 0.044, kubiki karibu 0.060, moisanaiti 0.104.

Soma hizo namba za pili tena. Zirkoni ndo iko karibu na almasi kuliko hizo zingine. Kubiki inatoa rangi nyingi kupita, moisanaiti inatoa zaidi ya mara mbili ya almasi, ukiigeuza juani unaona upinde wa mvua mzima, wapo wanaopenda na wapo wanaosema inapiga kelele. Zamani kabla ya hivi vya viwandani, zirkoni nyeupe za kule Matara, kusini mwa Sri Lanka, ziliuzwa kwa jina la almasi za Matara, na watu wazima wenye macho walizivaa kwa fahari.

Tofauti nyingine: zirkoni inagawa mwanga mara mbili. Mwale mmoja ukiingia inatoka miwili. Kwa hiyo ndani ya jiwe, hasa likiwa kubwa, mistari ya nyuma inaonekana imejirudia na jiwe linakuwa na ulaini fulani, halikati macho kama almasi. Mimi naupenda huo ulaini kwenye zirkoni za asali na za bluu. Kwenye nyeupe naona unapunguza nguvu, na kama unataka jeupe kali tupu basi kubiki nzuri iliyokatwa vizuri inakupa hicho kitu kwa pesa kidogo zaidi, hamna haja ya kuzunguka.

Ushauri mmoja wa bure: usichague jiwe chini ya zile taa ndogo kali za dukani. Zile taa zinafanya hata kioo kiwe malaika. Omba utoke nalo mlangoni, simama kwenye kivuli cha mchana, halafu liangalie ukiwa umelishika mbali kidogo, hapo ndo utaliona kama watakavyoliona watu wengine.

Rangi

Zirkoni inakuja ya kahawia, asali, machungwa, nyekundu, njano, kijani, nyeupe na bluu. Ile bluu ndo inayotafutwa, na karibu yote imechomwa. Wanachukua zirkoni ya kahawia, nyingi ikitoka mkoa wa Ratanakiri huko Kambodia, wanaichoma kwenye nyuzi kama 900 mpaka 1,000 mahali pasipo na hewa ya kutosha, kahawia inageuka bluu. Nyeupe nyingi nazo zimepitia moto. Siyo wizi, ni kazi ya kawaida ya biashara hii na wanunuzi wote wanaijua, lakini muuzaji anatakiwa akuambie. Baadhi ya hizo zilizochomwa zikikaa muda mrefu kwenye jua kali zinaweza kurudi kwenye kahawia kidogo, kwa hiyo usiziache kwenye dashibodi ya gari ama dirishani.

Bluu ya zirkoni ukiiweka pembeni ya topazi ya bluu, topazi ni ngumu zaidi, ni 8, ila imelala, haina cheche. Ukiiweka pembeni ya tanzanaiti, ile ya Mererani iliyogunduliwa 1967, tanzanaiti ina ile zambarau yake ambayo hakuna kingine kinacho, lakini kwa ugumu ni 6 mpaka 7, nayo ni ya kuchungwa vile vile. Zote tatu watu wanazitaja kama mawe ya waliozaliwa Desemba. Kubiki nayo inapatikana rangi yoyote unayotaka kwa sababu wanaongeza madini wakati wa kuyeyusha, ila kuwa makini na zile zilizopakwa rangi kwa nje tu, hizo rangi inabanduka kwenye kingo.

Ukiwa kaunta, utajuaje

Kwanza uliza kwa upole, "kaka, hii ni zirkoni ya kuchimbwa ama ni kubiki ya kiwandani?" Angalia anavyojibu. Sonara mzuri anajibu hapo hapo bila kuzunguka, na anakupa lenzi mwenyewe.

Shika lenzi karibu na jicho, lete jiwe karibu mpaka litulie. Angalia kupitia uso wa juu mpaka zile kingo za nyuma, chini kabisa. Ligeuze taratibu, uliangalie kwa pembe tofauti tofauti, usikubali pembe moja, kwa sababu kuna upande ambao kujirudia hakuonekani na mkataji mzuri anaweka huo upande juu makusudi. Ukiona kila mstari wa nyuma uko wawili, mmoja na kivuli chake pembeni, umekaribia sana zirkoni. Ukiona mstari ni mmoja tu kila pembe, inaweza kuwa kubiki, almasi ama kioo. Moisanaiti nayo inajirudia, kwa hiyo hapo unahitaji kuangalia na mengine.

Kile kimashine cha kupimia almasi kinachopiga biip kinapima jinsi joto linavyopita kwenye jiwe. Almasi inapitisha joto haraka, moisanaiti nayo inapitisha vizuri, ndo maana kile cha joto peke yake kinaweza kuita moisanaiti almasi. Zirkoni na kubiki zote hazipitishi, kwa hiyo kimashine hakitakusaidia kuzitofautisha, kitakuambia tu siyo almasi. Na mtu akikuonesha kwa kupulizia pumzi kwamba ukungu umeondoka haraka, ni mambo yale yale ya joto.

Halafu uzito, na hapa ndo watu wanachanganywa kwa karati. Karati moja ni gramu 0.2, ni uzito na siyo ukubwa. Almasi ya duara ya milimita 6.5 inakaribia karati moja. Jiwe la ukubwa huo huo likiwa zirkoni litakuwa kama karati 1.3, likiwa kubiki kama 1.6, likiwa moisanaiti kama 0.9. Kwa hiyo anayekuambia "hii ni karati moja na nusu" ya kubiki anakuuzia jiwe dogo kuliko almasi ya karati moja. Uliza milimita. Na jiwe ambalo halijafungwa kwenye pete, lishike kiganjani pamoja na kioo cha ukubwa ule ule, zirkoni utaihisi nzito kuzidi kioo, kubiki nzito zaidi hata.

Usafi wa ndani: kubiki inakuwa safi mno, tupu kama maji. Zirkoni nayo inaweza kuwa safi sana, kwa hiyo usafi peke yake haukupi jibu, ila ukiona ndani kuna vijiwe vidogo ama mistari ya asili hapo unapata matumaini.

Moisanaiti na almasi kwa kifupi

Moisanaiti ni silikoni kabaidi, Mfaransa Henri Moissan aliikuta 1893 kwenye mawe ya kimondo kule Arizona, lakini ya madukani yote inatengenezwa. Kwa pete ya kila siku, kwa mtu anayefanya kazi kwa mikono, bajeti ikiruhusu kupanda juu ya kubiki, mimi naisimamia hii. 9.25, haikatiki kingo ovyo, haiogopi vumbi la murram, na inabaki na ukali wake. Kama hupendi cheche nyingi chukua ndogo, kwenye jiwe dogo hazisumbui.

Almasi unaijua. Siku hizi kuna za maabara ambazo ni almasi kamili kwa kila kipimo, na bei zake zimeshuka sana miaka hii ya karibuni, kwa hiyo kabla hujaweka pesa nyingi kwenye kitu kingine uliza na hizo. Yakuti nyeupe ni ngumu, 9, ila haina uhai wa kutosha, kwangu ni jiwe la watu wapole sana.

Zirkoni haiishii kidoleni

Naongeza hili kwa sababu watu wanashangaa nikiwaambia. Vigae vyeupe vya bafuni kwako na lile sinki, ule weupe mzito usiopitisha mwanga mara nyingi ni unga wa zirkoni kwenye vanishi ya kauri. Viwanda vya kuyeyusha vyuma vinatumia mchanga wa zirkoni kwa kalibu kwa sababu haupanuki ovyo kwenye joto. Zirkoniamu ya chuma inafunika fueli ya urani ndani ya vinu vya nyuklia, maana haimezi nyutroni sana, lakini lazima kwanza waondoe hafniamu, chuma kingine ambacho kinakaa pamoja nayo na chenyewe kinazimeza kweli kweli. Zirkonia ndo hiyo daktari wa meno anakutengenezea jino jeupe la kuvika, na ndo iko kwenye kile kisensa cha oksijeni kwenye ekzosi ya gari. Kwale pwani ya Kenya walichimba mchanga wa titani na zirkoni kuanzia 2013 mpaka mwisho wa 2024, meli nzima nzima. Australia na Afrika Kusini ndo wakubwa wa biashara hiyo. Mchanga ule ni punje ndogo, usije ukadhani kuna vito humo.

Fundi na usafi

Ukipeleka pete kupanuliwa ama kupunguzwa, mwambie fundi atoe jiwe kwanza kabla hajawasha moto wa gesi. Zirkoni iliyotengenezwa rangi kwa moto inaweza kubadilishwa rangi na moto, na kubiki ikipata joto la ghafla halafu ikatumbukizwa majini inapasuka. Kuna mafundi wanajua kuchomelea na jiwe likiwa ndani wanalifunika na kitambaa kilicholowa, mimi kwa jiwe la mtu mwingine nisingekubali. Tena angalia makucha yanayoshika jiwe, kwa zirkoni ni bora kuzungushiwa ukingo mzima wa chuma kuliko makucha manne membamba, ule ukingo unakinga zile kingo dhaifu.

Kuosha: maji ya vuguvugu, sabuni ya kawaida, mswaki wa mtoto, halafu suuza kwa maji yanayotiririka ili vumbi litoke kabla hujapangusa. Zirkoni usiiweke kwenye mashine ya kuoshea ya mtikisiko wala mvuke. Ukiivua, iweke kwenye kimfuko chake, siyo pamoja na zingine.

Basi uchukue ipi

Pete ya uchumba, bajeti ndogo kabisa, anayeivaa anafanya kazi za mikono: kubiki, kwenye pete ya madini ya fedha halisi na siyo ya kuchovya, na mkubaliane kabisa kwamba jiwe litabadilishwa mbele ya safari, ni rahisi na haliumizi mfuko. Ukipata kidogo zaidi, moisanaiti, na usiangalie nyuma.

Hereni za kwanjula, kidani cha kuvaa na gomesi, zawadi ya mama mkwe ama ya senga (shangazi) aliyesimamia mambo yenu: zirkoni, bila kusita. Gomesi ya bluu ama ya dhahabu na zirkoni ya bluu ama ya asali masikioni, masikio hayagongi sinki, hayamenyi matoke, na pesa hiyo hiyo ambayo ingekupa almasi ndogo isiyoonekana inakupa jiwe la kuchimbwa lenye rangi ambalo watu watauliza.

Aliyezaliwa Desemba na anataka pete: zirkoni ya bluu ya ukingo mzima, ya kuvaa kanisani na kuvua jioni. Kama hawezi kuvua vua, mpe topazi.

Na risiti, tafadhali. Iandikwe jiwe ni nini hasa, zirkoni ya asili ama kubiki zirkonia, kama imechomwa iandikwe imechomwa, na ukubwa kwa milimita. Ikiwa muuzaji anasema kwa mdomo ni ya kuchimbwa halafu kwenye karatasi anataka kuandika "pete moja" tu, lipa kianzio kidogo, mwombe mfuatane na hilo jiwe mpaka kwa sonara mwingine mwenye lenzi, na asipokubali rudi nyumbani na pesa yako.